Mgonjwa ni Nani Nyumbani?

Mguu ukivunjika kila mtu auona. Jirani mmoja huleta fimbo, mwingine huteka maji, na mgonjwa haoni haya kusaidiwa. Lakini moyo ukivunjika, nani auona? Mtu hutembea, hulima, husalimu watu njiani. Akiulizwa habari hujibu: «Salama.» Na usiku hulala chali macho wazi, akihesabu boriti za nyumba mpaka jogoo awike.

Siku hizi katika miji yetu, na pengine hata katika vituo vya afya vya mlimani, wako watu waliosomea kutibu maumivu ya namna hiyo. Waitwa wasaikolojia, na kazi yao yaitwa saikoterapia, maana yake matibabu ya moyo kwa njia ya mazungumzo. Wengi wakisikia neno hilo huogopa. Mmoja asema: «Hiyo ni dawa ya wenye wazimu.» Mwingine asema: «Ni mambo ya Wazungu.» Wa tatu aenda mara moja tu, akiona ametoka mikono mitupu, bila hata kidonge kimoja, hakanyagi tena.

Basi twataka kueleza yanayomngoja mtu huko, ili aendaye asikimbie kabla ya kupata faida. Hatusemi kama waganga. Sisi ni mume na mke, wakulima wa Kalehe, tuliopita katika milango minne ya matibabu hayo: mlango wa mtu peke yake, mlango wa mume na mke, mlango wa jamaa, na mlango wa kikundi. Katika kila mlango tulikuta swali lile lile: mgonjwa ni nani? Lakini jibu halikuwa moja.

YALIYOTUPATA

Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, mvua kubwa ilinyesha juu ya milima ya Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Mito ilifurika, ikashuka na mawe na matope, ikazoa nyumba za Bushushu na za Nyamukubi. Huko Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 waliokotwa wamekufa, na wengine wengi hawakuonekana kamwe. Mtoto wetu wa kwanza, kijana wa miaka 15, alikuwa amekwenda sokoni na ndizi. Hakurudi, wala mwili wake haukupatikana.

Mwenye maiti hulia, huzika, hukaa matanga, na siku moja huinua jembe tena. Asiye na maiti afanye nini? Mmoja wetu, baba, alitaka tuombe Misa ya wafu na kumaliza matanga. Mwingine, mama, kila jioni alimwekea kijana sahani yake mezani, ugali na sambaza, akaifunika vizuri. Kwa mama, kumaliza matanga kulikuwa kumwua mtoto mara ya pili. Kwa baba, sahani ile ilikuwa kisu. Tukahamia Bukavu kwa ndugu zetu, na sahani ikahama pamoja nasi. Kisha binti yetu wa miaka 11 akaanza kuumwa tumbo kila siku. Daktari alimpima damu na choo, hakuona ugonjwa. Lakini alikuwa mtu mwenye kusikiliza. Alituuliza habari za nyumbani, akatuelekeza kwa mtabibu wa mazungumzo, mama mmoja mtu mzima.

1. MTU PEKE YAKE

Mama ndiye aliyetangulia. Usitegemee vyombo wala nguo nyeupe. Utakuta chumba, viti viwili, na mlango uliofungwa. Kwa kawaida mazungumzo huchukua dakika 45 mpaka 60, mara moja kwa juma, siku ile ile na saa ile ile. Mwanzoni mtabibu huuliza mambo mengi: walala namna gani, wala chakula, nani yuko nawe nyumbani, umepata kuwaza kujiua? Swali hilo la mwisho lisikushtue. Kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Bali aliyekuwa nalo hupumua, kwa kuwa amepata mahali pa kulisema.

Tena atakueleza habari ya siri. Utakayosema hayatoki nje, ila akiona kwamba utajidhuru, au utamdhuru mwingine, au kwamba mtoto anaumizwa. Hapo itambidi kutafuta msaada. Sisi Wakristo tuangalie vema jambo hili, maana siri ya maungamo ni nyingine. Ile haina mlango hata mmoja. Na kazi zenyewe ni mbali mbali. Padri huondoa dhambi kwa jina la Mungu. Mtabibu haondoi dhambi, wala hahukumu. Yeye atazama kidonda. Mtu aweza kuwa na vyote viwili, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Jambo la kumshangaza mgeni ni hili: mtabibu hatoi mashauri kama shangazi. Mama alitaka aambiwe neno moja tu: aweke sahani, au asiweke? Yule hakumwambia. Alimwuliza: «Mama, ukiifunika sahani ile, moyo wako wasema nini?» Mama akanyamaza mpaka saa ikaisha. Akarudi juma la pili, akanyamaza tena. Juma la tatu akajibu: «Wasema, nikiacha kumngoja mimi, nani atamngoja?» Jibu hilo alikuwa nalo tangu siku ile ya mafuriko, naye alikuwa hajalisikia kwa masikio yake.

Matibabu haya yana historia. Mwaka 1895, huko Vienna, waganga wawili, Breuer na Freud, walitoa kitabu juu ya wagonjwa waliopata nafuu kwa kusema yaliyowakaa moyoni. Na mgonjwa mmoja, mwanamke, ndiye mwenyewe aliyeyaita matibabu ya kusema. Tangu hapo njia zimekuwa nyingi. Wako watabibu waachao mtu aseme yajayo. Wako wengine, wafuasi wa Aaron Beck, mganga wa Marekani aliyeanza njia yake katika miaka ya 1960, ambao huuliza: «Wazo hili linalokutesa, tulipime pamoja, ni kweli yote, au nusu?» Hao hutoa hata kazi ya nyumbani, kama mwalimu. Uliza mwanzoni utatibiwa kwa njia gani. Hiyo ni haki yako, wala si ukosefu wa adabu.

Tena ujue kwamba maumivu huweza kuzidi kabla ya kupungua. Baada ya siku ya nne mama alilia siku mbili. Jipu likitumbuliwa, usaha hutoka na uchungu wake. Lakini maumivu yakiendelea kupanda majuma na majuma, mwambie mtabibu waziwazi, usikimbie kimya kimya. Na usingizi ukikosekana kabisa, au mtu akisikia sauti zisizo za watu, yafaa aonwe na daktari wa magonjwa ya akili, ambaye ndiye mwenye kuandika dawa. Vidonge na mazungumzo vyaweza kwenda pamoja.

Katika mlango huu wa kwanza mgonjwa ni yule aketiye kitini. Lakini yeye si mgonjwa tu. Nusu ya kazi ya mganga yamwangukia yeye.

2. MUME NA MKE

Baada ya miezi miwili mtabibu aliuliza kama baba angekubali kuja. Baba alikwenda kama mtu aendaye barazani. Kwetu, mume na mke wakigombana, huitwa mbele ya wazee. Kila mmoja hutoa maneno yake, kisha mzee hukata shauri: wewe una haki, wewe utatoa mbuzi. Baba alikuwa na ushahidi tayari.

Huko hakuna kukata shauri. Usitegemee kutoka na ushindi, wala usiogope kutoka na aibu. Katika mlango huu mgonjwa si mume, wala si mke. Mgonjwa ni kile kilicho katikati yao: maneno yasiyosemwa, kimya cha usiku, njia waliyoizoea ya kuumizana.

Mtabibu alituuliza kwanza tulionana wapi ujanani, na nini kilitupendeza. Tulicheka kidogo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mafuriko. Kisha alituwekea sheria moja: mmoja aseme, na mwingine, kabla ya kujibu, arudie aliyoyasikia. Sheria ndogo hiyo ni ngumu kuliko kupanda mlima na gunia la viazi. Baba akasema: «Sahani ile yanichoma.» Mama akarudia: «Wasema sahani yakuchoma.» Mtabibu akauliza: «Papa, yakuchoma namna gani?» Baba akakaa kitambo, akasema: «Nikiiona, masikio yangu yageukia mlangoni. Nasikiliza miguu yake.»

Mama akamtazama. Muda wote alidhani yeye peke yake ndiye angojaye. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja akingoja upande wake, na kila mmoja akimwona mwenziwe kuwa adui wa mtoto.

Yatupasa kusema mambo matatu hapa. La kwanza, pengine mtabibu ataka kumwona kila mmoja peke yake mara moja. Ulizeni mapema siri ya mmoja itafanywaje. La pili, matibabu haya hayaahidi kwamba nyumba itasimama. Yaahidi kwamba mtasema kweli mbele ya mtu atakayewazuia kuumizana. La tatu ni kubwa. Ambapo mmoja apigwa, au aishi kwa hofu, kuketi pamoja si dawa. Neno alilolisema mchana huweza kulipwa kwa fimbo usiku. Mtabibu mwenye akili huwatenga, na kwanza hutafuta usalama wa anayepigwa.

3. JAMAA

Na tumbo la mtoto? Lilikuwa bado linauma. Ndipo tulipoitwa sote: baba, mama, binti, mdogo wake wa miaka 6, na nyanya yao tuliyekaa kwake.

Ukienda na jamaa, ujue kwamba mtabibu hasikilizi maneno tu. Aangalia nani aketi karibu na nani, nani amjibia mwenziwe, nani atazama chini fulani akianza kusema. Mdogo alipewa karatasi na kalamu za rangi, akachora nyumba. Watoto wadogo husema kwa mkono. Nyanya alikuwa na neno lake: «Katika ukoo wetu mtoto hasemi mbele ya wakubwa, ila akiulizwa.» Mtabibu akainama kidogo, akasema: «Nyanya, waniruhusu basi nimwulize?» Nyanya akaruhusu, na tangu hapo akawa upande wake.

Swali lilikuwa jepesi: «Tumbo lako huanza saa ngapi?» Binti akajibu: «Jioni, Mama akileta sahani ya Yaya.» Mtabibu akauliza: «Na likianza kuuma, watu hufanya nini?» Mtoto akatuangalia mmoja mmoja, akasema polepole: «Papa hutafuta dawa na Mama hunishika. Hawagombani.»

Nani angeyajua hayo kwa kipimo cha damu? Mtoto hakudanganya, tumbo lilimwuma kweli. Lakini alikuwa amejitwika mzigo wa nyumba nzima, akaubeba kwa tumbo lake. Salvador Minuchin, daktari aliyezaliwa Argentina, alitibu jamaa za maskini huko New York, akatoa kitabu juu yao pamoja na wenziwe mwaka 1967. Yeye na wengine wa njia hiyo walifundisha kwamba pengine yule aletwaye kwa mganga ndiye anayeonyesha tu maumivu ya nyumba yote. Basi katika mlango wa tatu mgonjwa si mtoto. Mgonjwa ni mpango wa nyumba, nao ndio utengenezwao.

Msiogope kwamba huko wazazi watahukumiwa mbele ya watoto wao. Twaona sisi kwamba heshima yetu haikupungua. Tuliporudi, nyanya ndiye aliyetoa shauri, na wote wakalikubali: sahani iwekwe siku ya Jumapili tu, na kabla ya kula tumtaje kijana kwa jina, kila mmoja akumbuke neno lake moja. Siku nyingine watu wale kwa amani. Tumbo la binti halikupona kesho yake. Lilichukua miezi, na mpaka leo huuma kidogo mvua kubwa ikinyesha. Lakini amerudi shuleni.

4. KIKUNDI

Baba alikuwa na kazi moja iliyobaki. Nyumbani alisema kidogo, ila kila alfajiri alishuka ziwani kutazama maji. Mtabibu alimpeleka kwenye kikundi cha watu waliopotewa na wao katika mafuriko.

Vikundi vya namna hii si jambo la jana. Mwaka 1905, mjini Boston, daktari Joseph Pratt alianza kuwakusanya pamoja wagonjwa wa kifua kikuu kwa mafundisho. Akaona kwamba kule kukutana tu kwawatia nguvu. Siku hizi kikundi huwa na watu kama 5 mpaka 12, hukutana mara moja kwa juma, karibu saa moja na nusu. Kabla ya kuingia utaonwa peke yako, maana si kila mtu afaa kikundini wakati wowote. Sheria ya kwanza ni hii: yanayosemwa humu yabaki humu. Twajua jinsi habari inavyokimbia katika mitaa yetu, kwa hiyo sheria hiyo ndiyo ukuta wa nyumba. Ukianguka, hakuna kikundi tena.

Hulazimishwi kusema. Siku ya kwanza baba alitaja jina lake tu. Siku ya pili mzee mmoja, aliyepotewa na mke, akasema: «Mimi bado naenda kuangalia maji.» Baba hakusema neno, lakini alilala usingizi usiku ule. Maneno mia ya faraja kutoka kwa watu wazima wa moyo hayakuwa na uzito kama neno moja la mwenye kidonda kile kile. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na majuma machache baadaye baba akamsaidia mwingine kusema. Hiyo ndiyo faida ya kikundi isiyopatikana penginepo: aliyekuja kupokea agundua kwamba ana kitu cha kutoa.

Asiyetusadiki na asikie yaliyofanyika katika nchi yetu wenyewe. Katika vijiji vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, wanawake walioumizwa kwa kunajisiwa walitibiwa na wasaidizi wa kike Wakongomani, wasio madaktari, waliofundishwa kazi hiyo. Kila mwanamke alionwa mara 1 peke yake, kisha mara 11 kikundini. Habari ilitolewa mwaka 2013. Miezi sita baada ya kumaliza, katika kila wanawake 100 wa vikundi hivyo, 9 tu walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au za hofu ya kudumu. Katika vijiji walikosaidiwa mmoja mmoja kwa msaada wa kawaida, walikuwa 42. Na huko Uganda, upande wa Masaka na Rakai, vikundi vya vijijini vilikutana majuma 16 kutibu huzuni nzito. Habari yake ilitolewa mwaka 2003, nako wengi walipata nafuu. Basi nani asema ni mambo ya Wazungu?

Katika mlango wa nne mgonjwa ni nani? Ni wote, na waganga ni wote.

YA KUSHIKA

Msomaji mpenzi, ukitaka kwenda, au kumpeleka mwenzio, shika haya. Uliza kwanza bei, siku, na njia ya matibabu. Jipe nafasi ya kuonana mara tatu au nne kabla ya kusema halifai. Kama mioyo haipatani kabisa, mwambie, utafute mwingine. Mtabibu mwema hatakasirika. Matibabu mengine huisha kwa majuma 8 au 12, mengine huchukua mwaka. Na mwisho wake husemwa mapema, hauji kama mwizi.

Lakini ukimbie upesi yule akutakaye kwa mapenzi, asimuliaye habari za wagonjwa wengine, akukatazaye dawa ya hospitali, au aahidiye kupona kwa tarehe. Huyo si mtabibu, hata akiwa na karatasi ukutani.

Tena tusiseme: «Sali tu, yatapita.» Aliyevunjika mguu twamwombea na kumpeleka hospitalini, wala hatuoni kwamba imani yake imepungua. Aliyevunjika moyo astahili nini zaidi? Katika shirika lenu mwangalieni yule ajibuye «Salama» upesi mno. Msimhubirie. Ketini naye kitambo, kisha mmoja wenu amsindikize mpaka mlangoni, maana mlango ule wa kwanza ni mzito kuusukuma peke yako.

Kama mwatuuliza tumepona, twajibu: mtoto wetu hajarudi, na hakuna mazungumzo yatakayomrudisha. Hatukuahidiwa hilo. Tulichopata ni kwamba twaweza kumlilia pamoja, katika nyumba moja, na kesho yake kuamka na kwenda kazini.